Naingia na Zote

Machi 4, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mamamkwe ameanza saa tano. Ameshuka kwenye gari la mizigo la jirani yake akiwa na masanduku mawili, birika lake mwenyewe, na maelezo mafupi: kwao mvua ilitangulia wiki nzima, nyumba yake imezungukwa na maji, atakaa nasi mpaka msimu upite. Mume wangu ni fundi wa friji na hajui kumkatalia mtu chochote, seuze mama yake. Alibeba masanduku. Mimi nilibeba birika. Likawa linagonga ndani, nikafunua kifuniko. Kuna karata.

Machi 5, Jumanne

Ameniambia chai yangu ni ya wagonjwa. Alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo niliongeza majani.

Machi 6

Mvua. Mume wangu ametengeneza friji tatu, zote za watu wengine. Yetu inanguruma kama trekta.

Machi 7, Alhamisi

Niandike hili la kazi, labda nikiliona kwenye karatasi litapungua. Nina sketi mia moja na arobaini za shule ya wasichana. Mwalimu mkuu anazitaka tarehe 19 Aprili, na alinitazama juu ya miwani akasema, "Fundi, ukichelewa siku moja, muhula ujao natafuta mwingine."

Kukata najua, kushona najua. Nisichonacho ni ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke. Mtaa mzima anayo mmoja tu, jirani wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Fundi Zipu kwa sababu mdomo wake haufungi. Nikimpelekea sketi ananiambia, "Weka hapo shoga, kesho." Anaziweka chini kabisa, kisha anapanga zake juu. Kesho yake huwa juma zima.

Mamamkwe aliniona nikirudi na mfuko uleule, umelowa. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nitasubiri, mama."

Akachanganya karata. Alizichanganya kwa namna ambayo sikuipenda.

Machi 9, Jumamosi

Mamamkwe alikwenda kung'oa jino akarudi na tangazo. Daktari wa meno ni mwenyekiti wa klabu ya poka inayokutana kwenye ukumbi nyuma ya kliniki yake, kila Jumamosi saa nane mchana. Msimu huu wana mashindano: Jumamosi tatu za mchujo, kila siku watatu watakaobaki mwisho wanapata kiti cha fainali. Zawadi zimetolewa na mwanachama mwenye duka la mashine. Wa tatu, mwavuli. Wa pili, pasi ya umeme. Wa kwanza, ovaloki.

"Nimetuandikisha wote wawili," alisema, shavu likiwa limevimba.

"Mama, mimi sijui karata."

"Na mimi sikujua kuchoma sindano. Kaa chini."

Machi 11, Jumatatu

Somo la kwanza, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Kila mtu anaanza na sarafu za plastiki elfu tatu. Unapewa karata mbili za kuficha. Nyingine tano zinafunuliwa katikati, hizo ni za wote, na mwenye mkono bora anazoa kilichowekwa. Rahisi. Ubaya uko kwenye dau la lazima. Kila mkono watu wawili, kwa zamu, wanaweka sarafu kabla hata hawajaona karata zao, mmoja dau zima na mwingine nusu, na kila dakika ishirini dau linapanda. Kwa hiyo ukikaa tu, unaisha.

"Kama dripu," mama alisema, "ila hii inatoka badala ya kuingia."

Machi 13, Jumatano

Somo la pili. Ameandika nyuma ya karatasi yangu ya kaki, upande ule niliochora mkunjo wa sketi, kwa hiyo sasa kila nikikata nasoma poka.

Gawa sarafu zako kwa dau la lazima. Ukipata zaidi ya ishirini, wewe mzima, tembea. Kati ya ishirini na kumi, kaa kitandani, usihangaike. Chini ya kumi, chumba cha upasuaji. Pale hakuna tena kuweka kidogo kidogo na kuchungulia. Kuna maneno mawili tu, kutupa au kuingia na zote.

"Na ukisema zote, uwe wa kwanza kusema," aliongeza. "Wa kwanza ana milango miwili. Wenzake wakiogopa anashinda, wakija karata zinaweza kumkubali. Anayemfuata ana mlango mmoja tu."

"Lakini si bora kungoja karata nzuri? Subira huvuta heri, mama."

"Inavuta kwa kamba, mke wa mwanangu. Angalia kwanza kama kamba ipo."

Nimegundua kitu. Akiridhika na mtu humwita mwanangu. Mimi akinikasirikia, ni mke wa mwanangu. Sijawahi kuwa mwanangu hata mara moja tangu aje.

Machi 16, Jumamosi

Nimetoka wa kumi na moja kati ya watu kumi na wanne. Kwa saa mbili nilitupa karata kama mtu anayechambua maharage. Hii mbaya, hii mbaya, hii nzuri kidogo lakini yule bwana ananitazama. Nilikuwa na madau kumi na tano, kisha tisa, kisha sita, nikasema ngoja. Nilipobaki na madau mawili ndipo ikaja ree, karata kubwa kuliko zote, pamoja na mfalme. Nikasema zote kwa sauti ambayo nilidhani itatikisa ukumbi.

Watu wanne walinifuata, mmoja bila kuacha kutafuna mkate. Kwa madau mawili nani ataogopa? Aliyenitoa ni karani wa posta mstaafu wanayemwita Sitoki, kwa sababu hajawahi kutupa karata mtu akimtishia. Husema tu, "Mimi sitoki," anasukuma sarafu. Alikuwa na tatu na sita. Tatu zikaja mbili.

Mama amepata kiti cha fainali. Njiani, chini ya mwavuli mmoja, tulifika kwenye dimbwi la kona.

"Daktari haitwi kuja kuona maiti," alisema. Akaruka dimbwi.

Machi 17

Mvua. Hatukusemeshana.

Machi 18

Mvua. Tulisemeshana kuhusu chumvi.

Machi 23, Jumamosi

Leo nilikwenda nimekasirika, na hasira haisomi namba. Nilipofika madau manane nikakumbuka, chini ya kumi, chumba cha upasuaji. Nikaangalia karata zangu: saba na mbili, rangi tofauti. Mama anasema hakuna mkono mbaya kuliko huo. Nikasema zote. Wote wakatupa isipokuwa mmoja, na mnamjua.

"Mimi sitoki," akasema.

Wa kumi na tatu kati ya kumi na wanne. Wa kumi na nne alikuwa amepigiwa simu kwamba nyumba yake imeingia maji, akaondoka.

Jioni mama alinimiminia chai mwenyewe. Ikanitisha zaidi kuliko kunyamaza kwake. "Kuingia ulijua," alisema. "Hukujua unamkabili nani. Kutisha ni silaha kwa mtu mwenye hofu. Sitoki hana hofu, ana usingizi. Kwake nenda na karata, kwa wengine nenda na moyo."

Nikauliza haya yote alijifunzia wapi. Kumbe ni wodini, mchana, kwa wagonjwa wa mifupa waliolazwa miezi miguu imening'inizwa. Walikuwa wanachezea vizibo vya chupa za dawa. Alisema mgonjwa aliyevunjika miguu yote miwili ndiye mwalimu bora wa poka, kwa sababu hana pa kukimbilia.

Machi 30, Jumamosi

Ukumbi umejaa maji. Mchujo wa mwisho umesogezwa Jumamosi ijayo. Nimepiga pasi sketi kumi na mbili, mkaa ukaisha.

Aprili 3, Jumatano

Sketi zote mia na arobaini zimeshonwa. Zilizopigwa ovaloki, ishirini na tisa. Nilivuka barabara nikamkuta Fundi Zipu anakunywa chai, mfuko wangu ameukalia.

"Shoga," akasema, "nilikutana na mwalimu mkuu. Nimemwambia ukishindwa mimi niko tayari kumalizia. Si vibaya kusaidiana."

Nilivuta mfuko wangu nikarudi. Nikamweleza mama. Nilitegemea aniambie nenda kampige. Aliketi, akavua miwani, akaniambia jambo ambalo mume wangu mwenyewe halijui. Zamani walimpa nafasi ya kuwa mkuu wa wodi. Akaomba muda wa kufikiri. Akafikiri majuma matatu, na fikra zilipokamilika akakuta mwingine ameshapewa ufunguo wa kabati la dawa. Alimpa salamu huyo mwingine kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa.

"Alikuwa mbaya?" nikauliza.

"Alikuwa mzuri sana. Ndiyo ilikuwa mbaya."

Kisha akavaa miwani na kuniambia maharage yanaungua. Yalikuwa yanaungua.

Aprili 6, Jumamosi

Nimepata kiti. Naandika kabla sijavua viatu.

Nilikuwa na madau tisa. Nilikuwa wa mwisho kusema kabla ya wale wawili wa dau la lazima, na wote walionitangulia walikuwa wametupa. Mbele yangu walibaki mwenye duka la mashine, ambaye hupenda sarafu zake kama watoto wake, na bibi mmoja mwalimu wa hesabu, ambaye huhesabu sana. Sitoki hakuwa mezani, wiki ile ya saba na mbili alipata kiti chake, leo alikuja kutazama tu. Nilikuwa na jeki na kumi. Si mkono wa kumwandikia mtu barua. Lakini nikajiuliza, hawa wawili wanaogopa? Wanaogopa.

"Naingia na zote."

Mwenye duka akatupa kana kwamba karata zimemuunguza. Mwalimu akahesabu kwa vidole chini ya meza, akatupa. Nikazoa sarafu zao bila kuonyesha kitu. Mizunguko mitatu baadaye nikafanya tena, nikiwa na ree na nne. Kisha tena nikiwa na jozi, sita mbili, safari hii mwalimu akanifuata, jozi ikasimama. Saa kumi na moja kasoro dakika tano tulibaki watatu na daktari wa meno akaandika jina langu ubaoni.

Mama alikuwa amekaa ukutani akifuma. "Mwanangu," aliita mbele ya watu, "chukua koti, twende."

Nilimfuata mbio, koti nikalisahau.

Aprili 10, Jumatano

Mvua siku ya tatu mfululizo. Mume wangu ameuliza chakulani kama kweli fainali tutakaa meza moja, mimi na mama yake.

"Ndiyo."

"Basi mtasaidiana."

Mama aliweka kijiko chini. "Wawili wakisaidiana mezani huo ni wizi. Akinijia na zote nikiwa na karata, namtoa. Mezani sina mkwe."

Mume wangu alinitazama aone kama nimeumia. Sikuumia. Nilifurahi, na nimekaa jioni nzima najaribu kujua kwa nini.

Aprili 13, Jumamosi. Fainali

Tisa mezani, mvua juu ya bati, daktari wa meno akigawa karata kwa vidole vyake visafi. Sitataja wote. Saa kumi na nusu tulikuwa tumebaki watatu. Mama alikuwa na sarafu elfu kumi na tano, amezipanga kama dawa kwenye kabati. Sitoki alikuwa na elfu tisa na mia nne, lundo tu. Mimi elfu mbili na mia sita, na dau la lazima limefika mia nne. Madau sita na nusu.

Mwavuli ulikuwa wangu tayari. Na hapo akili ikaanza kuniimbia. Tulia, waachie wale wawili uwanja, mmoja atamtoa mwenzake na wewe utapata pasi. Pasi ya umeme ni kitu kizuri, haitaki mkaa. Niliwaza hivyo kwa mikono miwili mizima, nikatupa, nikatupa, mpaka nikabaki na hizo elfu mbili na mia sita. Kisha nikakumbuka sketi mia na kumi na moja zenye kingo zilizofumuka kama ndevu. Pasi haifungi kingo.

Mkono wa tatu nilikuwa wa kwanza kusema. Ree na saba. Dau kamili lilikuwa la Sitoki, kwa hiyo nilijua hatishiki. Lakini safari hii sikwenda kumtisha. Nilikwenda na karata.

"Zote."

Mama akatupa bila kunitazama. Sitoki akapiga mwayo. "Mimi sitoki." Akafunua jeki na tano. Zikaja tisa, mbili, mfalme, nne, nane. Ree yangu ikatosha peke yake. Nikafika zaidi ya elfu tano.

Dakika kumi baadaye mama aliingia na zote akiwa na jozi ya kumi, Sitoki hakutoka, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitoka. Alisimama, akatushika mkono sote wawili, akasema, "Nyumba moja hii ina hatari." Akaenda kusinzia kwenye kiti cha nyuma.

Tukabaki sisi. Dau likapanda mia sita. Mama alikuwa na lundo mara nne ya langu, na hakunipa nafasi ya kupumua. Mkono wa kwanza, zote. Nikatupa. Wa pili, zote. Nikatupa. Alikuwa ananifanyia nilichowafanyia wengine, na alijua kwamba najua. Nilibaki na madau saba na ushee. Mwenye duka la mashine alisogeza kiti karibu. Mume wangu, ambaye alikuja na nguo za kazi, alisimama mlangoni akiwa amefumba macho.

Mkono uliofuata nilikuwa wa kwanza kusema. Nikainua pembe za karata. Malkia. Malkia mwingine.

Nilitaka kungoja kidogo, siyo kwa hesabu, ni kwa kufurahia tu. Sikungoja. "Naingia na zote, mama."

Alinitazama kwa muda mrefu, jicho la muuguzi anayeangalia kama mgonjwa amekunywa dawa au ameitema. "Una karata," akasema.

Nikazifunika kwa kiganja.

"Unazo. Lakini na mimi nina ree." Akasukuma sarafu, akafunua ree na nne.

Daktari wa meno akasema nina nafasi saba katika kumi. Zikafunuliwa tatu: mbili, tisa, kumi. Ya nne, sita. Mlangoni mume wangu alifumbua jicho moja. Ya tano, ree ya kopa.

Mwenye duka alishika kichwa. Mama alizoa sarafu zote, akazipanga kwa rangi, hakuharakisha. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini ili nisikie mimi, "Hukukosea hata kidogo. Karata hazina shukrani."

Nimerudi na pasi. Yeye amerudi na ovaloki, imebebwa na mume wangu, ambaye njia nzima alikuwa hajui ampongeze nani ampe pole nani, akaishia kuisifu mashine.

Aprili 14, Jumapili

Nilimwomba mama mashine. Nilimwomba vizuri, na kikombe cha chai mkononi.

"Mashine ni yangu," alisema. "Anayeigusa ni mimi."

Nilikwenda chumbani nikalia kidogo, na kidogo nikacheka.

Aprili 15, Jumatatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimemkuta amekaa kwenye ovaloki amevaa aproni yake ya wodini, nyeupe kabisa, na kofia.

"Nimeshona watu miaka thelathini na moja," alisema. "Sketi haipigi hata kelele. Lete."

Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba ovaloki ina kisu. Sketi ya kwanza ilikuwa ya msichana wa kidato cha nne. Ilipotoka ilikuwa ya mdogo wake. Ya pili iliunganishwa na kona ya aproni, ikabidi nimkate mama kutoka kwenye sketi.

"Usimwambie mwanangu," alisema.

Aprili 16

Tatu zimeharibika, nne zimeponea chupuchupu, ishirini na sita safi. Anazihesabu kwa lugha ya wodi: hawa wameruhusiwa kwenda nyumbani, hawa wabaki chini ya uangalizi.

Aprili 17

Arobaini na moja. Fundi Zipu alivuka barabara kuuliza ni kelele gani. Mama alimwambia ni saa ya kuona wagonjwa, arudi jioni.

Aprili 19, Ijumaa

Tulifika shuleni saa tatu, mume wangu akiendesha gari lake la kazi, sketi zote mia na arobaini nyuma kati ya friji mbili. Zile tatu nilizikata upya jana. Mwalimu mkuu alichomoa moja katikati ya lundo, akaigeuza ndani nje, akavuta kingo kwa kucha. Haikufumuka.

"Nani amefunga kingo hizi?"

"Mama yetu," nikasema.

"Zimebana sana. Kama kidonda."

"Ndiyo, mwalimu."

Aliandika kitu kwenye daftari. "Muhula ujao na masweta."

Aprili 27, Jumamosi

Jua. Mtaa mzima umeanika magodoro.

Mama alinywa chai yangu bila kuitukana, nikajua kuna jambo. Kumbe kile chumba kando ya kliniki ya meno, kilichokuwa cha fundi saa, kimekuwa wazi. Ameongea na mwenye nyumba. Kina dirisha la barabarani na soketi nne. Anataka tufungue pale, mimi na cherehani zangu mbili, yeye na ovaloki. "Fikiri," alisema. "Sikuharakishi."

"Twende," nilisema.

"Hujauliza choo kiko wapi."

"Kiko wapi?"

"Mbali."

"Twende, mama."

Mume wangu, aliyekuwa ameingiza kichwa ndani ya friji yetu akiitengeneza hatimaye, alikitoa. "Mimi hamniulizi?"

"Tunakuuliza," mama akasema. "Una ngazi?"

Mei 4, Jumamosi

Mchoraji amemaliza ubao leo, na mume wangu ameutundika juu ya mlango. Maneno aliyatoa mama mwenyewe, mimi nikiwa nabeba vitambaa. Nilipofika nilisimama barabarani nikasoma: MAMA NA BINTI, WASHONAJI.

"Mama," nikasema, "mimi ni mkwe wako."

"Najua. Ubao mfupi. Mkwe halikuingia."

Akaingia ndani kutafuta uzi. Nilibaki pale nikihesabu herufi. Mkwe ina nne. Binti ina tano. Nikachukua vitambaa nikamfuata.